Kubadilisha filta ya petroli au dizeli: kuanzia kuichagua hadi kuwasha gari

Ukiingia dukani ukaomba "filta ya mafuta", usishangae ukikabidhiwa filta ya oili. Muuzaji hana kosa. Neno mafuta limebebeshwa mzigo mzito: petroli ni mafuta, dizeli ni mafuta, na hata oili ya injini wapo wanaoiita mafuta. Kwa hiyo taja kitu chenyewe toka mwanzo: filta ya petroli, au filta ya dizeli. Wapo waliokwisha kulala chini ya gari, wamejaa vumbi mpaka kwenye nywele, ndipo wakagundua kilichomo kwenye boksi hakina hata pa kuunganishia mpira.

Kazi yenyewe si ngumu. Kwenye gari ambalo filta imekaa mahali pa wazi, saa moja inakutosha hata kama ni mara yako ya kwanza, na sehemu kubwa ya saa hiyo ni kujiandaa, si kuzungusha spana. Ugumu uko mahali pawili: kupata filta iliyo sahihi, na kutoa presha kabla hujalegeza chochote. Nitakaa zaidi kwenye hayo mawili.

Filta inakamata nini

Mafuta hayatoki tangini peke yake. Yanatoka na kutu, mchanga laini ulioingia wakati wa kujaza, nyuzi, vijipande vya mipira iliyochakaa, na maji. Pampu inasukuma vyote, filta inakamata uchafu, nozeli, yaani kile kinachonyunyizia mafuta ndani ya injini, inapokea kilicho safi. Tundu za nozeli ni ndogo mno, hivyo chembe ambayo jicho haliioni inatosha kuziziba au kuzikwangua.

Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Filta ya injini ya petroli yenye nozeli kwa kawaida hukamata chembe za maikroni 10 hivi. Dizeli za kisasa, zile ambazo pampu kubwa hujaza bomba moja nene linalogawia nozeli zote, zinahitaji filta ya maikroni 2 hadi 5. Ya kabureta, kile kifaa cha magari ya zamani kinachochanganya petroli na hewa badala ya nozeli, ni legevu zaidi, kwa sababu kabureta ina matundu mapana na presha yake ni ndogo.

Kuna jambo moja linaloitofautisha na filta ya oili. Filta nyingi za oili zina vali ndani: karatasi ikiziba, oili hupitishwa pembeni ili injini isikauke. Filta ya petroli kwa kawaida haina mlango wa pembeni kama huo. Ikiziba, imeziba, mafuta yanapungua kidogo kidogo mpaka siku hayatoshi.

Kwanza jua iko wapi

Usinunue kitu kabla hujaiona filta yako kwa macho. Fuata bomba la mafuta kutoka tangini kuelekea kwenye injini, na utakutana na mojawapo ya hizi.

Gari la kabureta lina kikopo kidogo cha plastiki inayoonyesha ndani, kimeingizwa katikati ya mpira karibu na pampu au kabureta. Hiki ni rahisi kuliko vyote: unaona uchafu bila kufungua.

Gari la petroli lenye nozeli mara nyingi lina mkebe wa chuma, au wa plastiki ngumu, wenye ukubwa wa kikombe cha chai. Utaukuta chini ya gari karibu na tangi, au ndani ya boneti kwenye ukuta unaotenga injini na abiria. Mwongozo huu unahusu zaidi filta ya aina hii.

Magari mengi ya petroli ya miaka ya karibuni yameficha filta ndani ya tangi, imeunganishwa na pampu kuwa kitu kimoja. Ukifuata bomba kutoka mwanzo hadi mwisho usione mkebe, na kitabu cha gari hakitaji filta ya petroli kwenye ratiba ya matengenezo, basi kuna uwezekano mkubwa kuwa iko humo.

Dizeli ina filta kubwa, mara nyingi ndani ya boneti, yenye pampu ya mkono juu yake au karibu yake na koki ya kutolea maji chini.

Ni lini ibadilishwe? Fuata kitabu cha gari lako. Kwa filta za nje za petroli utakuta vingi vinasema kati ya kilomita 30,000 na 60,000, vichache vinafika 100,000. Dizeli ni mapema zaidi, mara nyingi kati ya 20,000 na 40,000. Mimi, kama gari linajazwa kutoka kwenye madumu na mapipa, nagawa kwa mbili bila kubishana na mtu.

Dalili, na dalili zinazodanganya

Picha halisi ni hii. Gari linawaka vizuri, likiwa limesimama linanguruma bila tatizo, kwenye tambarare linakwenda. Unafika kwenye kilima, unakanyaga mafuta, linajibu kwa sekunde mbili, kisha linalegea kama mtu aliyeishiwa pumzi. Ukiachia kidogo linapata nafuu. Ukikanyaga tena, linakohoa. Sababu ni kwamba injini ikiwa haina mzigo inahitaji mafuta kidogo tu, na hata filta iliyoziba nusu inaweza kuyapitisha. Kwenye kilima mahitaji yanapanda na filta haiwezi kuyafuata.

Nyingine ni kuchelewa kuwaka asubuhi, kuzima ghafla likiwa kwenye mwendo na kuwaka tena baada ya kupumzika, na pampu kulia kwa sauti nyembamba nyuma ya gari. Ukiwa na mashine ya kusoma hitilafu, taa ya injini inaweza kukuletea P0171, yaani mafuta ni haba kulinganisha na hewa, au P0087, presha ya mafuta imeshuka.

Tatizo ni kwamba pampu iliyochoka inaleta dalili hizi hizi. Baadhi yake huletwa pia na plagi zilizokwisha, sensa ya hewa yenye uchafu au filta ya hewa iliyoziba. Kipimo cha uhakika ni geji ya presha ya mafuta: presha ikiwa nzuri kabla ya filta na ikashuka baada yake gari likiwa na mzigo, umempata mwizi wako. Bila geji, angalia tu filta imekaa muda gani. Kama muda wake umepita, anza nayo. Hata isipokuwa yenye kosa, ilikuwa ibadilishwe.

Na hili nimeliona mara nyingi kuliko ninavyopenda: pampu mpya imefungwa, filta ya zamani imeachwa. Pampu hiyo itafanya kazi ikisukuma ukuta, itapata joto, na mwenye gari atarudi akilalamika kuwa pampu za siku hizi hazidumu.

Kuchagua

Anza na namba. Filta ya zamani ina namba kwenye mwili wake; isafishe kwa kitambaa uipige picha. Kisha chukua namba ya chasisi na namba ya injini. Jina la gari na mwaka wake havitoshi, kwa sababu gari la jina moja, la mwaka mmoja, linaweza kuwa na injini tatu tofauti na filta tatu tofauti.

Ukiwa kaunta, weka ya zamani na mpya bega kwa bega. Angalia unene na urefu, maana itakaa kwenye kishikizo chake. Angalia midomo: ni ya nati yenye meno, ya klipu ya kubofya, au ya mpira wa kukaza kwa klempu? Upana wake ni ule ule? Angalia upande ambao mshale unaelekea. Angalia kama ya zamani ina pa kufungia waya wa ethi na mpya haina.

Zaidi ya yote hesabu midomo. Filta yenye midomo mitatu au minne mara nyingi inarudisha mafuta ya ziada tangini, na baadhi yake zina kidhibiti cha presha ndani. Hizo huandikwa presha yake kwenye mwili, na ya bar 3 na ya bar 4 (bar ni kipimo cha presha) zinaweza kuwa mapacha kwa sura. Ukifunga isiyo yake, gari litawaka, nawe utahangaika wiki nzima ukitafuta ugonjwa uliouleta mwenyewe.

Kuhusu zile filta ndogo za plastiki za kabureta: usiziweke kamwe kwenye gari la nozeli, hata kama mpira unaingia vizuri, hata kama ni ya kufikia nyumbani tu. Presha ya kabureta iko chini ya nusu bar. Ya nozeli ni bar 3 hadi 4, zaidi ya ile iliyomo kwenye tairi la gari dogo. Plastiki ile ikipasuka, petroli inarushwa juu ya injini yenye moto.

Feki zipo, na sanduku zuri halisemi kitu. Chukua filta mkononi. Mshono wa chuma uwe laini na sawa kuzunguka kote, maandishi yasifutike kwa kidole chenye mate, midomo iwe imezibwa kwa vifuniko vya plastiki. Itikise karibu na sikio. Ikitoa sauti ya chembe ndani, irudishe. Filta ya dizeli isiyo na mkebe inakuonyesha karatasi yenyewe, na hiyo ndiyo rahisi kuihukumu: mikunjo iachane kwa nafasi sawa, gundi ifike mwisho hadi mwisho. Ukiona mikunjo imelaliana upande mmoja na upande mwingine umeachwa wazi, mafuta yatapita kule kwenye nafasi. Si lazima ununue ya kampuni iliyotengeneza gari. Kampuni kubwa za filta kama Bosch, Mann na Mahle hutengeneza nyingine zilizo sawa kabisa, mradi namba ioane.

Kabla hujatoka dukani nunua na vidogo vyake: washa mpya za shaba au alumini kama filta yako inafungwa kwa bolti ya jicho, yaani bolti yenye tundu inayopita kwenye pete ya mwisho wa bomba (mbili kwa kila bolti), klempu mpya, oringi (pete za mpira za kuzibia), na mpira ukiona wa zamani umepasuka-pasuka. Mpira uwe wa mafuta, tena wa presha. Ubavuni utaona maandishi: SAE 30R7 ni wa presha ndogo ya kabureta, kwa nozeli tafuta 30R9. Mpira wa maji unafanana nao sana mpaka siku utakapoanza kuyeyuka.

Vifaa na mahali pa kufanyia kazi

Spana mbili za saizi inayofaa, maana moja inashika filta na nyingine inazungusha nati. Kama unaweza, iwe ile spana ya mabomba inayokumbatia nati karibu yote. Spana ya kawaida hula kona za nati laini. Bisibisi, plaizi, brashi, beseni la chuma, matambara, tochi ya LED, miwani ya kukinga macho, glavu. Filta ikiwa chini ya gari, ongeza jeki, stendi mbili na vizuizi vya magurudumu. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Fanyia kazi nje, penye hewa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hautapaa ukapotea. Utatambaa chini, utafuata mteremko, na utalifikia jiko au cheche iliyo mbali na wewe. Weka karibu kizimamoto cha unga au povu. Ndoo ya maji haisaidii, kwa kuwa petroli huelea juu ya maji na kusafiri nayo. Injini iwe imepoa, na anayevuta sigara akavutie mbali.

Ni afadhali tangi liwe na mafuta robo au chini yake. Kama filta iko chini ya usawa wa mafuta yaliyomo, yatamwagika yenyewe ukifungua.

Hatua ya kwanza: toa presha

Mara yangu ya kwanza niliamini kwamba gari lililolala usiku kucha halina presha. Nililegeza nati nusu mzunguko tu. Petroli ilitoka kama sindano, ikapiga kiganja, ikateremka ndani ya mkono wa shati mpaka kwapani. Kabla ya kuoga haikuuma sana. Baada ya kuoga nilijua ngozi ya kwapa imetengenezwa na nini. Bahati ni kwamba haikupiga jicho, na hapakuwa na moto. Mfumo wa nozeli umeundwa ushikilie presha hata baada ya kuzima, ili gari liwake haraka, kwa hiyo kusubiri si dawa.

Fanya hivi:

1. Fungua kifuniko cha tangi. Utasikia pumzi ikitoka. Huo ni mvuke uliojikusanya.
2. Tafuta fyuzi au relei ya pampu ya mafuta. Mchoro uko kwenye kifuniko cha kisanduku cha fyuzi au kwenye kitabu. Usichomoe bado. Usipoiona, tafuta plagi ya umeme ya pampu yenyewe, ambayo mara nyingi iko chini ya kiti cha nyuma.
3. Washa injini, kisha chomoa hiyo fyuzi, relei au plagi. Injini itaendelea kidogo, itayumba na kuzima. Injini isipowaka kabisa, chomoa tu uendelee.
4. Piga stata mara mbili au tatu, sekunde tatu tatu, kumalizia mabaki.
5. Zima swichi, toa ufunguo, fungua kebo hasi ya betri na uiweke mbali.

Bado kuna mafuta ndani ya bomba, lakini hayana nguvu. Hata hivyo nati ya kwanza ilegezwe ikiwa imefunikwa kwa tambara nene. Na kama gari lako la petroli linarusha mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, usiguse mabomba ya upande wa injini baada ya pampu ya pili, ile ya presha kubwa. Huko presha hupita bar 100 na hatuna kazi nako. Filta iko upande wa presha ndogo.

Hatua ya pili: fungua

Piga picha kwanza: mshale wa filta unaelekea wapi, bomba lipi liko juu, klipu imekaa vipi. Kisha safisha kwa brashi kuzunguka midomo. Hatua hii wengi huiruka, na mchanga uliokuwa nje unaingia kwenye bomba la kwenda injini, upande ambao hauna tena filta ya kuukamata.

Weka beseni chini. Ikiwa ni nati au bolti ya jicho, shika filta kwa spana moja isizunguke, zungusha nati kwa nyingine. Ukizungusha bila kushikilia, bomba linajikunja na kupasuka, na hapo kazi ya saa moja imekuwa kazi ya siku mbili. Nati ikigoma, nyunyizia dawa ya kulegeza kutu, kanywe chai, urudi. Usitumie moto.

Klipu za plastiki ndizo zinazovunjika. Zisukume kwanza kuelekea kwenye filta ili zijilegeze, bofya masikio yote mawili, kisha vuta. Mchanga ukiwa umezikamata, mimina maji kidogo yautoe. Baadhi hazina masikio na zinahitaji kijipete cha kufungulia kinachoingizwa ndani; kina gharama ndogo, kinunue, usichokonoe kwa bisibisi.

Mpira uliogandana na mdomo usiuvute kwa nguvu. Uzungushe kwanza kushoto na kulia mpaka uachie. Kisha legeza kishikizo, toa filta ikiwa imelala, iweke kwenye beseni. Usimwage kilichomo, tutakihitaji.

Hatua ya tatu: funga

Mshale unaelekea kwenye injini. Daima. Kama hakuna mshale, kuna maandishi ya kuonyesha pa kuingilia na pa kutokea, au mdomo wa kuingilia uko pembeni na wa kutokea katikati. Ukiifunga kinyume gari linaweza kwenda vizuri kwa muda, ndiyo maana kosa hili halijulikani haraka; karatasi imeundwa kupokea msukumo upande mmoja, na ukiisukuma kwa nyuma inaziba mapema au inaachana na gundi yake.

Toa vifuniko vya plastiki dakika ya mwisho, si kabla. Ingiza nati kwa vidole mpaka zigome zenyewe. Ukianza na spana utaharibu meno bila kusikia. Washa ziwe mpya, moja kila upande wa jicho. Za zamani zimeshabonyea na hazitaziba tena, hata ukizikaza mpaka bolti ilie. Kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari kama una spana ya kipimo. Kama huna, kaza mpaka ishike vizuri, usitundike uzito wako.

Kwa klipu za kubofya, paka tone moja la oili safi ya injini kwenye ncha ya mdomo, sukuma mpaka usikie "klik", kisha vuta kwa nguvu kuhakikisha. Usiposikia sauti hiyo, haijaingia. Rudisha na waya wa ethi kama ulikuwepo. Mafuta yanayopita kwenye karatasi kwa kasi huzalisha umeme tuli, na waya ule ndio unaoutoa kabla haujawa cheche.

Hatua ya nne: washa

Rudisha fyuzi au relei, funga kifuniko cha tangi, rudisha kebo ya betri. Sasa geuza ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, usipige stata. Utasikia pampu ikinguruma sekunde mbili au tatu na kunyamaza. Zima, rudia mara tatu au nne. Filta mpya ni tupu na pampu inaijaza.

Kabla ya kuwasha injini, shuka na tochi ukague kila muunganiko. Pitisha kidole kikavu chini yake na unuse. Unyevu wowote ni kuvuja. Hakuna kuvuja kidogo kwenye petroli. Pakiwa pakavu, washa, iache ingurume dakika tano, kagua tena. Inaweza kuchelewa kidogo kuwaka mara ya kwanza, hiyo ni kawaida.

Kama filta iko ndani ya tangi

Hapa ushauri wangu ni mfupi. Kazi inawezekana kwa magari ambayo ukinyanyua kiti cha nyuma unakuta mfuniko, lakini unafungua tangi lenyewe ndani ya chumba cha abiria, mvuke wote unakujia usoni. Pete ya plastiki inayoshika pampu inahitaji kifaa chake, na gasketi lazima iwe mpya. Kama tangi linahitaji kushushwa, peleka gari kwa fundi. Kama unabadilisha pampu kwa sababu nyingine, basi badilisha filta na chujio la chini ya pampu kwa wakati huo huo.

Dizeli ina mambo yake mawili: maji na hewa

Maji ni mazito kuliko dizeli, yanatuama chini ya filta. Ndiyo kazi ya ile koki. Taa ya maji ikiwaka kwenye dashibodi, usisubiri: weka chupa ya kuangaza chini ya koki, legeza, bonyeza pampu ya mkono, acha itoke mpaka uone dizeli tupu, kisha funga. Utaona mstari ndani ya chupa, maji chini na dizeli juu.

Kubadilisha kwenyewe ni hivi. Zima injini, safisha nje, toa maji na dizeli iliyomo. Ikiwa filta inazungushwa kama ya oili, ifungue kwa mkono au kwa mnyororo wa filta. Kama ina sensa ya maji chini yake, ichomoe, ihamishie kwenye filta mpya kwa oringi mpya, na uangalie isivunjike. Hakikisha gasketi ya zamani haikubaki imegandamana juu. Gasketi mbili zikikutana zinavuja au zinavuta hewa. Paka gasketi mpya dizeli safi, zungusha mpaka iguse, kisha ongeza kiasi kilichoandikwa kwenye mwili wa filta, mara nyingi kati ya nusu na robo tatu ya mzunguko. Kwa mkono, bila spana. Ile ya karatasi ndani ya kikombe, futa kikombe kwa kitambaa kisichoachia nyuzi, badilisha oringi, rudisha.

Mafundi wengi hujaza filta mpya dizeli kabla ya kuifunga ili gari liwake haraka. Kwenye injini za zamani haikuleta balaa. Kwenye injini za kisasa usimimine kitu kupitia tundu la katikati, kwa sababu huo ndio upande wa kutokea: dizeli uliyomimina kutoka kwenye dumu haijachujwa, na inakwenda moja kwa moja kwenye pampu ya presha kubwa. Tumia pampu ya mkono. Legeza skurubu ya kutolea hewa, bonyeza mpaka mapovu yaishe na itoke dizeli tupu, funga skurubu, endelea kubonyeza mpaka pampu iwe ngumu. Kama gari lako linatumia pampu ya umeme tangini, geuza ufunguo bila kupiga stata mara kadhaa.

Kisha piga stata isiyozidi sekunde kumi, pumzisha nusu dakika au zaidi, rudia. Ikigoma, rudi kwenye pampu ya mkono badala ya kuua betri na stata. Na usilegeze nati za nozeli kwenye dizeli ya kisasa kama ilivyokuwa desturi ya kutoa hewa zamani. Presha ya huko inaweza kupita bar 1,500, na mchirizi usioonekana unaweza kupenya ngozi. Mtu akipata jeraha la namna hiyo, hata likionekana kama kidonda cha sindano, aende hospitali saa hiyo hiyo.

Soma filta ya zamani

Chukua ile uliyoiweka kwenye beseni. Mimina kilichomo kupitia mdomo wa kuingilia, kwenye chupa ya kioo, ukiwa nje. Kwanza hutoka petroli inayoangaza. Kisha, ukitikisa kidogo, inafuata rangi ya chai ya rangi, na mwisho wake matope meusi yanayoshuka chini taratibu. Hayo ndiyo yangekuwa kwenye nozeli.

Wekundu ni kutu ya tangi. Chembe zinazong'aa kama chuma zinasema pampu inajila yenyewe. Ute mweusi kwenye dizeli ni vijidudu vinavyoota pale maji na dizeli vinapokutana, na filta mpya haitalitibu hilo; tangi lisafishwe. Kwa ujumla filta ikiziba tena baada ya kilomita elfu chache, acha kununua filta, angalia tangi.

Wakati huo huo utamsikia mtu akisema: "Hiyo ipulize tu kwa upepo, inarudi." Nimeshaipasua moja iliyopulizwa. Karatasi ilikuwa imechanika kwenye kona ya mkunjo, na uchafu uliokuwa umekamatwa upande wa kuingilia ulikuwa umesambaa pande zote mbili. Presha ya kompresa ni kubwa kuliko ile ambayo karatasi imezoea, tena kwa upande wa nyuma, na isipochanika inabaki na chembe ndogo zilizozama ndani ambazo upepo hauzitoi. Zaidi ya hapo unarusha mvuke wa petroli hewani karibu na kompresa ya umeme.

Ya zamani iache ikauke nje mbali na moto na watoto, kisha ipeleke inakopokelewa taka za mafuta, pamoja na petroli chafu ya kwenye chupa. Usiimwage mtaroni. Kwenye filta mpya andika kwa kalamu isiyofutika tarehe na kilomita za leo, upande unaoonekana bila kufungua kitu. Baada ya safari ya kwanza, gari likiwa limepoa, rudi chini na tochi mara moja zaidi upitishe kidole kwenye zile nati.